Paka Wako Hadeki, Kagua Dagaa Kwanza

Leo naweka pembeni kidogo mambo ya chanjo na mbolea, nizungumzie paka. Najua wapo watakaocheka, lakini someni mpaka mwisho, maana hapa tunazungumzia mtaji wenu.

Msimamo wangu ni huu. Paka anayelinda stoo ya mahindi au banda la kuku ni mfanyakazi, na chakula chake ni gharama ya uzalishaji kama zilivyo chanjo, maranda na umeme. Na akikataa chakula, anza kukikagua hicho chakula kabla hujamsema kwa tabia yake. Ukimwita mdekaji ukaishia hapo, utampoteza paka, utapoteza nafaka, na wakati mwingine utawalisha kuku wako uchafu ule ule alioukataa yeye.

Nikipita kwa vijana wanaofuga huku Igoma, Kishiri mpaka Kisesa, malalamiko yanafanana. "Mtaalamu, huyu paka ana maringo. Nampa dagaa hataki, nampa ugali hataki, anashinda analia tu." Ukiuliza hao dagaa wako wapi, unaoneshwa kiroba kwenye kona ya stoo, masalia ya kuchanganyia chakula cha kuku. Ukikikung'uta, chini unakuta mchanga na vumbi la kahawia. Sasa hapo mwenye kosa ni nani?

PAKA SI MBWA MDOGO

Mbwa anaweza kula ugali, mboga na nyama kidogo na mwili wake ukajipanga. Paka hawezi. Ameumbwa kula wanyama wengine, na kuna virutubisho ambavyo mwili wake hautengenezi vya kutosha, lazima vitoke kwenye nyama au samaki. Kimojawapo kinaitwa taurini. Akikikosa kwa muda mrefu, macho yanaharibika hadi upofu, na misuli ya moyo inalegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, walionesha kwamba ugonjwa fulani wa moyo uliokuwa unaua paka ulitokana na upungufu huo. Na hao walikuwa paka waliokuwa wakila chakula cha dukani, sio makombo. Baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini kwenye vyakula vyao.

Vilevile paka hawezi kugeuza rangi ya karoti na mchicha kuwa vitamini A kama sisi tunavyoweza. Anaihitaji ikiwa tayari imetengenezwa, kutoka kwa mnyama. Na utamu wa sukari hausikii kabisa. Hilo lilielezwa kitaalamu mwaka 2005: kinasaba kinachohusika na ladha ya sukari kwa paka hakifanyi kazi. Kwa hiyo ukimpa ugali na mchuzi, akalamba mchuzi na kuacha ugali, sio maringo. Amechukua kile ambacho mwili wake unakitambua kama chakula.

Ndiyo maana pia chakula cha kuku hakimfai. Chakula cha kuku wa mayai kimepangwa kwa ajili ya ndege: nafaka nyingi, mashudu, chokaa ya kutosha kutengeneza ganda la yai. Chakula cha mbwa nacho hakifai kuwa cha kila siku, kwa sababu hakijatengenezwa kwa kiwango cha taurini anachohitaji paka.

"AKISHIBA HAWINDI"

Hii ndiyo hoja ninayokutana nayo kila siku, na siikubali. Wengi wanaamini paka lazima alale njaa ndipo akamate panya. Kuwinda na kula kwa paka ni mambo mawili tofauti. Jaribio lililochapishwa mwaka 1976 lilionesha paka wakiacha chakula wanachokipenda, wakaenda kumuua panya, kisha wakarudi kuendelea kula. Anayewinda kwa njaa tupu yeye huhama. Anakwenda kwa jirani anayekaanga samaki, anageuka paka shume, na wewe unabaki na stoo yako. Wahenga walishasema: paka akiondoka, panya hutawala.

Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Elton, aliwachunguza paka wa mashambani na mwaka 1953 akachapisha aliyoyaona. Paka hawakuweza kumaliza panya mahali palipokuwa pameshajaa panya. Lakini panya walipoondolewa kwanza, paka waliokuwa wakilishwa walibaki karibu na majengo na kuzuia panya wapya wasiingie. Kwa hiyo ratiba ni hii: ziba matundu, inua magunia kwenye chaga, tega mitego, punguza panya, halafu paka aje kulinda. Na mlinzi lazima ale.

Tupige hesabu sasa. Kuku mmoja wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kamili, karibu nusu ya kuku mmoja. Kwa mwezi haifiki kilo 2. Panya mkubwa wa stoo anakula karibu gramu 25 kwa siku. Panya 10 ni gramu 250 kwa siku, yaani zaidi ya kuku 2 wanaokula bure bila kutaga. Hapo sijahesabu nafaka wanayoikojolea, viroba wanavyotoboa na magonjwa wanayoleta bandani. Ni kweli, kilo ya chakula cha paka ina bei mara kadhaa ya kilo ya chakula cha kuku. Lakini unanunua kidogo sana, tena kwa mfanyakazi asiyedai posho wala likizo.

DAGAA: CHAKULA KIZURI, MZIGO MBAYA

Sisi wa Mwanza tuna bahati. Mwaloni Kirumba dagaa wapo, na dagaa mzima ni chakula kizuri kwa paka. Ana protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, analeta kalsiamu ambayo nyama tupu haina ya kutosha. Tatizo ni mzigo tunaochagua. Tumezoea kwamba kuna dagaa wa watu na dagaa wa mifugo, na wa mifugo maana yake ni chochote kilichobaki. Hapo ndipo paka anapoanza "kudeka".

Dagaa wana mafuta. Wakianikwa juu ya mchanga, wanabeba mchanga na uchafu. Wakinyeshewa kabla hawajakauka, wanavunda. Wakikaa muda mrefu kwenye kiroba stoo yenye joto, mafuta yao yanachacha, na mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E. Paka anayelishwa samaki wa mafuta mengi peke yao, hasa waliochacha, anaweza kupata ugonjwa ambao mafuta yaliyo chini ya ngozi yanavimba na kugeuka ya njano. Ukimshika mgongoni analia kwa maumivu. Pua yake inapomwambia akatae, inamsaidia.

Unaponunua, iwe kwa sado au kwa gunia, fanya hivi:

1. Angalia rangi. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha. Akishakuwa wa njano au kahawia, mafuta yameanza kuharibika.

2. Mkunje. Aliyekauka anavunjika. Anayepinda bado ana maji, na ukungu uko njiani.

3. Nusa ndani ya gunia, sio juu tu. Harufu ya samaki ni sawa. Harufu kali inayochoma pua, au ya uvundo, acha.

4. Chukua konzi mbili, tia kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri dakika chache. Mchanga utakaa chini. Huo mchanga umeupima na kuulipia.

5. Uliza walianikwa wapi. Wa kwenye vichanja ni bora kuliko wa mchangani, hata kama bei iko juu kidogo.

Na kumbuka, siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hupata dagaa kidogo na bei hupanda. Siku hizo ni rahisi kuuziwa mzigo wa zamani. Mvua nayo ni hivyo hivyo, maana jua la kuanikia halipo. Nunua wakati wa giza na jua, hifadhi pakavu, nunua wa kutosha mwezi mmoja tu.

Kabla ya kumpa paka, loweka, osha mchanga wote, chemsha bila chumvi. Samaki wabichi usimzoeshe. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa hiyo anayumba na kuinamisha kichwa. Kuchemsha kunakiondoa. Hata hivyo dagaa wasiwe chakula pekee mwaka mzima.

VINGINE VYA KUMPA

Mfugaji wa kuku una chakula cha paka hapo hapo nyumbani. Ukichinja, weka moyo, firigisi na nyama ya miguu. Moyo una taurini nyingi. Chemsha kidogo, na supu yake usimwage, mpe pamoja na nyama, kwa sababu taurini huyeyuka kwenye maji. Ini mpe kidogo mara moja moja, maana likizidi linamjaza vitamini A kupita kiasi na kumuumiza mifupa. Mayai yaliyopasuka ambayo huwezi kuuza, chemsha, menya, mpondee. Usimpe mabichi na maganda yake, usije ukamfundisha kwamba kwenye viota kuna chakula.

Mapanki ya sangara kutoka viwandani nayo yanafaa, ila chemsha uchambue minofu iliyobaki. Mifupa mikubwa iliyopikwa inavunjika kama sindano, inaweza kumchoma koo au utumbo.

Chakula cha dukani, ukikimudu hata kwa nusu ya mlo, kinaziba mapengo. Soma mfuko kabla ya kulipa. Tafuta neno "complete" lililoandikwa pamoja na umri wa paka, maana yake ni mlo kamili. Kama halipo, hicho ni kionjo tu. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kwa hiyo cha kwanza kiwe nyama au samaki, sio mahindi. Kwa paka mkubwa protini isipungue asilimia 26 ya chakula kikavu, kwa anayekua 30. Angalia tarehe ya mwisho. Kile cha kupima kutoka kwenye gunia lililofunguliwa mimi sikishauri. Hujui kimekaa siku ngapi, na mafuta yake huchacha kama ya dagaa. Kama una paka mwenye mimba, anayenyonyesha au watoto, hao wawe wa kwanza kupata chakula kamili.

Vitu vya kukataa kabisa: mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu, kwa sababu vinaharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe, paka wengi wakubwa yanawaharisha. Kuku waliokufa kwa ugonjwa, hao wachome au wafukie. Na ukitega sumu ya panya, jua kwamba panya aliyekula sumu anaweza kuwa mlo wa paka wako usiku huo huo. Mwenye paka atumie mitego.

AKIENDELEA KUKATAA

Kuna paka wanaochagua kweli. Paka huzoea ladha na ugumu wa chakula tangu utotoni. Aliyekua kwa dagaa tupu anaweza kuona nyama ya kuku kama jiwe. Huyo umhamishe taratibu kwa siku 7 hadi 10: siku za kwanza robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Chakula kilichopoa kipashe kiwe vuguvugu, harufu inatoka vizuri na paka hula kwa pua. Sahani ioshwe kila siku, isikae karibu na anapojisaidia, na maji yawe mbali kidogo na chakula. Mpe kwa saa maalumu, baada ya nusu saa ondoa. Uliza pia majirani, huenda ameshakula kwao.

Ila kama amekataa kila kitu, hata kile anachokipenda, usimkomoe kwa njaa. Mfungue mdomo utazame meno na fizi. Angalia kama mafua yameziba pua, maana asiyenusa hali. Paka asiyekula kabisa siku 2 au 3, hasa mnene, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini na kumuua. Saa 24 zikipita, mpigie daktari wa mifugo. Na tafadhali, usimpe parasetamoli. Kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua paka.

PUA YAKE INA MWISHO

Nimewasifu paka, sasa niweke mpaka. Paka anaweza kukuonya kuhusu uvundo na mafuta yaliyochacha. Sumu isiyo na harufu hawezi.

Huko Minamata, Japani, miaka ya 1950, paka walianza kutetemeka, kuzunguka kama wanacheza ngoma, na kufa. Walikuwa wanakula samaki wa ghuba iliyochafuliwa kwa zebaki kutoka kiwanda cha kemikali. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa watu, waliokula samaki wale wale. Paka hawakukataa. Walikula, wakaumia, na waliowaona hawakujua wanaoneshwa nini. Mwaka 2007 huko Marekani na Kanada, chakula cha paka na mbwa kiliondolewa madukani kwa wingi baada ya wanyama kufa kwa figo. Unga wa protini ya ngano kutoka China ulikuwa umetiwa melamini ili ukipimwa uonekane una protini nyingi. Mwaka uliofuata melamini hiyo hiyo ikakutwa kwenye maziwa ya watoto wachanga huko China.

Na sisi tunayo ya kwetu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Sumukuvu haina harufu wala ladha ya kukuonya. Kwa hiyo mtu asije akaniambia, "Paka amekula, basi mzigo uko salama." Mahindi kausha vizuri, pumba yenye ukungu tupa, na ukiwa na mzigo mkubwa unaoutilia shaka, peleka sampuli maabara.

Nisemacho ni kwamba akikataa, una sababu ya bure ya kufungua kiroba na kukitazama. Kiroba hicho hicho ndicho unachochanganyia chakula cha vifaranga. Kijana anayenunua dagaa wenye mchanga analipia protini, anapata mchanga, kisha anashangaa kuku hawatagi. Anabadilisha dawa, anabadilisha mbegu, anamlaumu aliyemuuzia vifaranga. Kumbe paka alishasema wiki tatu zilizopita, akaitwa mwenye maringo.

Najua wapo watakaosema paka ni anasa ya watu wa mjini. Hapana. Anasa ni kuwalisha panya mahindi uliyoyapalilia kwa jasho lako. Kijana unayesema unafuga kibiashara, weka mstari mmoja kwenye daftari lako la gharama, andika "chakula cha paka", jaza tarakimu kila mwezi, kisha linganisha na viroba vilivyotobolewa mwaka jana. Daftari lenyewe litakujibu.

Leo jioni kabla hujafunga stoo, chota konzi mbili za dagaa wako, tia kwenye ndoo ya maji, uone kinachobaki chini. Mkija kwenye kikao cha kikundi njooni na majibu tuyajadili. Kazi njema.